Mpini Usiopoa

Asubuhi hiyo Kellen hakuwa na haraka wala hasira na mtu. Alimfikisha mwanawe Shami shuleni, akapanda pikipiki kutoka Gahanga, pembezoni mwa jiji, hadi mtaa wa Gitega, akaingia dukani kwa Usumani kununua kisu cha mfukoni. Kazi yake ilikuwa kubebesha miche ya parachichi: unakata shina la mche wa kienyeji, unachomeka kikonyo cha parachichi la kisasa, unafunga kwa utepe wa nailoni, unangoja vishikane. Kisu chake cha zamani kilikuwa na mpini wa mti, nao ulilowa utomvu na maji mpaka ukapasuka na kuanza kuoza. Safari hii alitaka mpini wa alumini. Hauozi, haupati kutu, na ukiupangusa kwa spiriti unakuwa safi kama sahani.

Kuchagua kukamtesa. Usumani alimmwagia visu mezani, na kila alichokishika kilikuwa na kasoro. Kimoja kizito kama nyundo. Kingine kilicheza kwenye bawaba. Kingine tena kilikuwa na mpini wa plastiki uliopakwa rangi ya fedha, na Usumani akaapa kuwa ni alumini tupu mpaka Kellen alipoukwaruza kwa ukucha.

"Mama, wewe iko na maneno mingi," Usumani alisema. "Kisu ni kisu."

"Mimi nakishika kutwa nzima, Usumani. Lete vile ambavyo bado viko kwenye boksi."

Mwishowe akakipata. Chepesi, mpini una michirizi ya kuzuia kuteleza, ukikifungua kinakaza na hakitikisiki. Aliufumba mpini kiganjani. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, akaupenda hapo hapo.

Kesho yake ukungu ulikuwa umepanda kutoka upande wa Bugesera, na baridi ilikuwa ya kuvaa sweta mbili. Kellen alifungua kufuli la banda la kitaluni, akanyoosha mkono kwenye rafu, akakichukua kisu.

Mpini ulikuwa na joto.

Jua lilikuwa bado halijatoka. Na joto lile alilijua, kama mtu yeyote anavyolijua. Ni joto la jembe unalopokezwa na mwenzako aliyekuwa analima nalo sasa hivi. Aligeuka kutazama nyuma yake. Banda lilikuwa tupu.

Jioni alimwambia mumewe. Norman hakuinua hata macho kwenye kompyuta yake.

"Chuma kinatunza joto, Mama Shami."

"Joto la nini, Norman? Bati lenyewe lilikuwa linadondosha umande!"

"Basi kirudishe dukani," alisema, kama vile wanazungumzia gauni lililombana.

Akakirudisha. Usumani alikishika, akakigeuza, akakiweka shavuni. Kilikuwa baridi. Wateja wawili waliokuwa wamesimama hapo wakacheka, na Kellen akahisi uso unamchemka. Hata hivyo akang'ang'ana mpaka akabadilishiwa. Kesho yake asubuhi, kile kipya nacho kilikuwa na joto. Akakibadilisha tena. Cha tatu alikizamisha kwenye beseni la maji ya mvua, akafunga banda na kuondoka na ufunguo. Alipofungua asubuhi akatia vidole majini.

Maji yalikuwa vuguvugu.

Aliporudi tena Gitega, Usumani alimzuia mlangoni. "Hapana, mama. Kisu yangu haina kosa. Kosa iko kwako." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkera Kellen kuliko kicheko cha wale wateja.

Hapo ndipo miche ilipoanza kufa. Ushirika mmoja wa wakulima wa Bugesera ulikuwa umemwagizia miche ya kupanda mvua zikianza, na kila alichobebesha kikawa cheusi kwenye kidonda na kudondoka. Kazi ya msimu mzima ikawa inaoza mbele ya macho yake. Akakata upya, akafunga upya. Vikafa tena. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia kwa hasira, peke yake, kisha akainua kichwa na kuona mstari wa mwisho wa miche, ule wa karibu na banda.

Ile ilikuwa imeshika. Majani mororo, mekundu kidogo, mazuri. Kellen alisogea akachuchumaa. Hakuwa amebebesha mche hata mmoja wa mstari ule. Yeye huzungusha utepe kuelekea kulia. Huu ulizungushwa kushoto, umekazwa kwa ustadi, bila mkunjo. Aliugusa kwa ncha ya kidole.

Chini ya utepe, shina lilikuwa na joto kama shingo ya mtoto.

Hakumwambia Norman. Angesema nini? Lakini siku chache baadaye, wakati wa kifungua kinywa, Norman alimpa kikombe cha chai iliyotoka jikoni wakati huo huo. Kellen akakifumbata kwa mkono wa kulia, akaendelea kuzungumza na Shami. Norman alimtazama.

"Hakikuunguzi?"

Alimshika mkono. Kisha akauachia haraka, na rangi ikamtoka usoni. "Kellen," alinong'ona, "mkono wako una baridi ya maiti."

Zahanati wakauminyaminya, wakachukua damu, wakasema mzunguko ni mzuri, anunue glavu. "Nimewaambia mkono wangu unakufa," Kellen alifoka njiani kurudi, "wananiambia glavu!" Norman aliendesha gari akiutupia macho mkono ule. Hakuwa anapuuza tena. Alikuwa anaogopa.

Kila asubuhi kisu kilikuwa na joto zaidi. Kila asubuhi mkono ulikuwa baridi zaidi. Kellen akaanza kuona hesabu yenyewe ilivyo. Joto lile lilikuwa linatoka mahali.

Kisha akajikata. Hakusikia maumivu. Alikuwa anachonga kikonyo, akaona kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimeteleza kwenye makali na kisu kimeingia. Kimeingia sana. Aliona weupe ndani. Akangoja damu. Ilichelewa. Ilipokuja ilidondoka polepole kwenye mkono wake wa kushoto.

Nayo ilikuwa baridi.

Mchana ule ule alimpigia simu Mukunde, mwanamke aliyewauzia kiwanja. Familia ya Mukunde iliishi Karagwe, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na baba yake, mzee Ntare, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulima pale. Kellen alimweleza yote, tayari kwa kuchekwa. Hakuchekwa.

"Banda umelijenga wapi?" Mukunde aliuliza.

"Juu, kwenye uzio."

"Usiingie humo. Nakuja."

Alikuja kesho yake kabla ya saa sita mchana, mama wa makamo mwenye kitenge cha kuheshimika, na hakukubali hata maji. Alisimama mlangoni pa banda na kuongea kwa sauti ya chini, kama watu waongeavyo mbele ya mgonjwa aliyelala.

"Baba alikuwa mbebeshaji, dada. Kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mashoto. Kisukari kikamla mkono ule mpaka wakaukata hospitalini. Akawakatalia wasiuchome. Akauomba, akaja nao, tukauzika hapa. Alisema, 'Huu haujachoka. Mimi ndiye niliyechoka.'"

"Na yeye?"

"Alifia kwa kaka yangu Rwamagana. Tukamzika huko."

"Na mkono?"

Mukunde aliinamisha uso. "Tulikuwa na msiba, dada. Tukausahau."

Norman akavunja sakafu ya banda kwa sururu. Mukunde alionyesha mahali: chini ya rafu, pale pale. Jua lilikuwa utosini na jasho lilimtiririka, lakini Kellen alisimama na mkono wa kulia kwapani, akitetemeka. Sururu ikagonga bati. Kopo kubwa la maziwa ya unga.

Mfuniko ulikuwa pembeni yake.

Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe. Kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Hakuna kitu kingine. Hakuna mfupa. Hakuna ukucha.

"Nililifunga mwenyewe," Mukunde alinong'ona. "Kwa waya."

Waya ulikuwepo. Haukukatika. Ulikuwa umefunguliwa, ukaviringwa mviringo mdogo, ukawekwa kando, kama afanyavyo mtu atakayeuhitaji tena.

Mukunde alipiga magoti, akaomba kisu. Alipokishika machozi yakamtoka, akakibana kifuani. "Baba," alisema, "kazi imekwisha. Miche imeshika. Njoo twende." Akakitia ndani ya kopo, akalifunga kwa waya ule ule, akalibeba mapajani ndani ya gari la Norman njia nzima hadi Rwamagana. Walilizika kaburini kwa mzee kabla ya jua kutua. Norman anasema kwamba walipofika alilazimika kulipokea kwa sweta, kwa jinsi lilivyokuwa la moto.

Mkono wa Kellen ulirudi taratibu. Kwanza kuwasha, kisha maumivu ya kidonda, na aliyafurahia maumivu yale kama habari njema. Oda ya ushirika ilimponyoka. Mstari ule wa miche aliung'oa na kuuchoma moto, ingawa Norman alisema ni hasara. Banda wakalibomoa. Kitalu akakihamishia bondeni, na sasa anakatia wembe wa kawaida, anautupa kila jioni.

Wiki moja baada ya banda kubomolewa, Jumapili, walirudi kutoka kanisani. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Shami alitangulia kwenye bomba la uani, kisha akaita.

Juu ya zege palikuwa na mche mzima wa sabuni, mpya, ambao Kellen alikuwa ameuacha jikoni ndani ya karatasi yake. Karatasi haikuwepo. Sabuni ilikuwa imelowa. Katikati ilikuwa imeminywa kwa nguvu sana mpaka vidole vikazama, vinne upande mmoja na gumba upande wa pili, na ndani ya mashimo yale mlikuwa na udongo.

Norman aliweka mkono wake wa kulia juu yake kupima. Vidole havikuingia. Akajaribu wa kushoto.

Vikaingia vyote.