Pedali ya Papa Constantin

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na njia za soko la Kadutu zilikuwa tope tupu. Nsimire alishikilia kikwembe chake cha kijani kisichafuke, huku mkono wa pili ukikumbatia mfuko mweusi kama mtu aliyebeba mayai. Alipita kwenye vitunguu na dagaa wa sambaza, akafika kwenye meza ya vifaa vya umeme. Humo mfukoni akatoa kiboksi cha chuma cha rangi ya machungwa iliyobanduka, chenye kitufe kikubwa juu.

"Tonton, hamuna kitufe kama hii?"

"Ile ni ya nini? Ya televizio?"

"Ni pedali ya gita. Unaikanyaga, sauti inabadilika. Unakanyaga tena, inarudia ya kawaida. Lakini kila mara naikanyaga, ampli inapiga paa! kama bunduki."

Muuzaji alitikisa kichwa. Mwanaume aliyekuwa pembeni akichagua nyaya aligeuka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, miwani imeshuka puani.

"Kitufe haina shida, dada."

"Weye unajua je? Haujaigusa hata."

"Ingekuwa imekufa, sauti ingekatika. Ile paa inatoka ndani. Kuko umeme kidogo inajikusanya pahali haina njia ya kutokea. Ukikanyaga, inaruka yote mara moja."

"Na dawa yake?"

"Unaipatia njia ndogo ya kutoka polepole. Rezistansi moja tu. Naweza kukufanyia."

Nsimire alimtazama vizuri. "Siachiake hii kwa mutu sijui jina."

"Zagabe. Niko fundi wa sauti kwa redio. Ukinitafuta, unafungulia poste ya redio tu."

Nsimire alicheka bila kutaka. Ilikuwa siku nyingi hajacheka.

Walipokuwa wanapanda pamoja kuelekea barabarani, alimweleza. Baba yake, Papa Constantin, alipiga gita katika orkestra moja ya Bukavu miaka ya themanini, na pedali ile hakuwahi kuiacha. Kisha kiharusi kilimkamata. Upande wa kulia ukalala, maneno yakapotea. Nsimire, aliyekuwa akifundisha historia kwenye lisee, shule ya sekondari, alijifunza gita upya ili ampigie kila jioni. Mzee alikuwa anafumba macho na kusikiliza. Lakini tangu milio ya risasi ya mwezi wa pili, vita vilipoingia mjini, pedali ikipiga paa, mzee anaruka kitini, anajifunika kichwa kwa mkono ule mmoja uliobaki, na anatetemeka mpaka analowa jasho.

"Ni mimi namuogopesha," Nsimire alisema kwa sauti ndogo. "Baba yangu. Kwa vitu vyake mwenyewe."

Zagabe alinyoosha mikono miwili kupokea kiboksi, na namna alivyokipokea ndiyo iliyomfanya Nsimire amwandikie namba yake ya simu.

Siku zilizofuata simu haikulala.

"Mugonjwa iko je?" Nsimire aliuliza.

"Mugonjwa gani? Mimi ao pedali?"

"Weye hauna ugonjwa."

"Niko nao, tangu Kadutu. Lakini ile haina rezistansi."

"Zagabe! Niko mbele ya wanafunzi."

"Basi waambie mwalimu anacheka bure."

Jioni moja walikutana mtaa wa Nguba, wakanywa chai wakitazama ziwa likigeuka jivu. Nsimire alivaa kikwembe cha samawati alichoshonesha kwa Pasaka. Zagabe alinukia sabuni na, kwa mbali, moshi wa kulehemu. Alimsimulia juu ya kijiji cha Nyantende, mashamba ya mama yake, na namna watu walivyokimbilia kwa mama huyo siku zile za mwezi wa pili. Kisha Nsimire akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Zagabe, akakiacha hapo.

Zagabe alitengeneza pedali kwa moyo wote. Ndilo lililoleta matata. Alipoifungua aliona kwamba ilifungwa nyaya kwa mtindo wa zamani: hata ukiizima, gita linabaki limeungana na mashine ya ndani, na mashine inakunywa sauti kali. Kwake lilikuwa kosa. Akaondoa kitufe cha zamani, akaweka kipya, akafunga nyaya upya ili pedali ikizimwa, gita lipite moja kwa moja, safi, bila kuguswa na kitu. Hakuuliza. Alitaka kumshangaza mpenzi wake kwa zawadi.

Nsimire aliijaribu nyumbani Muhungu mbele ya baba yake. Alikanyaga. Hakukuwa na paa. Alikanyaga tena, kimya kama kitambaa. Machozi yakamjaa. Akaanza wimbo ambao mzee aliupenda kuliko zote.

Papa Constantin alifumbua macho. Alitazama ampli, akatazama binti yake, kisha akageuza uso ukutani. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu alianza kulia alipoona gita linaletwa.

Ulrich, mpiga ngoma wa kwaya ya kanisani kwao, alipita kusalimia, akasikia habari hiyo.

"Alifungua pedali ya zamani namna hii peke yake? Ah, Nsimire. Mafundi wanapendaka vitu vya kizamani. Wanatosha vya kweli, wanaendaka navyo, wanaweka vipya."

Neno hilo likamwingia kama mwiba. Akapiga simu.

"Zagabe, ulitosha kitu ndani?"

"Kitufe, chérie. Niliweka mupya. Na nikapanga waya muzuri zaidi."

"Nani alikutuma?"

"Nilifikiri..."

"Ulifikiri! Baba hanijui tena nikipiga! Sauti yake iko wapi? Umeipeleka wapi?"

"Nsimire, unaniita muizi?"

"Nakuuliza tu."

"Hapana. Umeshajibu."

Simu ikakatika. Hakuna aliyempigia mwenzake tena. Zagabe alifanya kazi redioni bila kusema na mtu. Nsimire alisahihisha karatasi za wanafunzi, akajikuta amesoma ukurasa mmoja mara nyingi bila kuelewa kitu. Gita lilibaki chini ya kitanda, na mzee akarudia kukaa katika ukimya wake, sasa bila hata ile saa moja ya furaha.

Aliyevunja ukimya alikuwa Maman Adélaïde, mama yake Nsimire. Alichukua namba kwenye simu ya binti yake, akapiga.

"Zagabe, mutoto wangu, mimi sijui mambo ya mashine. Lakini nimezeeka na ile gita. Mbele ilikuwa kama mutu anaongea na blanketi kwa mudomo. Sasa iko kama kijiko kwa sahani."

Zagabe alikaa kitako. "Maman... hata akizima pedali, ilikuwa vile?"

"Hata akizima. Ndiyo vile tulimujua."

Alifika Jumapili baada ya misa, suti ya kijivu imelowa mabegani, mkobani chuma cha kulehemu. Nsimire alifungua mlango, akabaki ameushikilia.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuomba samahani. Na kukuonesha ndani, kwa macho yako."

Aliweka pedali mezani, akafungua skrubu zake. Kila kitu cha zamani, isipokuwa kitufe, kilikuwa mahali pake, na vumbi la miaka bado limeshika pembeni. Mfukoni akatoa kitufe cha zamani kilichofungwa katika karatasi.

"Sikuiba kitu. Lakini nilikosa. Mi nilisikia kosa la mashine, nikaiponya. Sikujua Papa alijenga sauti yake juu ya ile kosa. Ningekuuliza, ungeniambia."

Nsimire alikichukua kitufe kile mkononi. "Na mimi nilisikiliza Ulrich kabla ya kukusikiliza weye."

"Iliniuma."

"Najua. Nisamehe."

"Acha nifanye kwanza. Tutasameheana mbele ya Papa."

Alirudisha nyaya kwa mtindo wa zamani, gita likaungana tena na mashine hata pedali ikizimwa. Rezistansi ndogo aliyoiweka kwanza, ile ya kutuliza paa, aliiacha. Moshi mwembamba ulipanda. Maman Adélaïde alikuwa amesimama mlangoni, mikono imefumbatwa kifuani.

Nsimire alikanyaga. Kimya. Akapiga.

Sauti ilitoka ya chini, nzito, yenye joto. Papa Constantin alikuwa ametazama ukuta. Uso ulirudi polepole. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulitambaa juu ya blanketi, na vidole vikaanza kubonyeza, kimoja baada ya kingine, akodi zilezile binti yake alizokuwa akizishika. Nsimire alikosa noti, akaendelea. Zagabe alivua miwani na kujifuta macho kwa mkono wa suti.

Walisikiliza hivyo jioni nyingi, wote wanne, mpaka msimu wa mvua uliporudi. Ndipo Papa Constantin akaondoka, usingizini, bila kusumbua mtu.

Kwenye misa ya mazishi Nsimire alipiga gita akiwa amevaa nyeusi, na Zagabe alisimama karibu na ampli. Hakuna sauti mbaya hata moja iliyotoka. Watu walipotawanyika makaburini, wawili hao walibaki wakishuka mteremko taratibu, udongo mwekundu umeshika viatuni.

"Nilikuwa nimepanga kuleta bajomba wangu mwezi huu," Zagabe alisema. "Kuongea na Papa. Sasa sijui nitaongea na nani."

"Leta bajomba. Tumalize matanga kwanza. Maman anajua, na tonton zangu, ndugu za Papa, watapokea."

"Nilitaka yeye asikie."

Nsimire alisimama. Upepo wa ziwa ulipeperusha kitambaa chake cha kichwa, akakishika.

"Alisikia. Nilimwambia, ile wiki ya mwisho. Nilimwambia: Papa, Zagabe ndiye nitaoleka naye."

"Akafanya je?"

"Alicheka," alisema. "Kwa ule upande mmoja wa mudomo. Alicheka kabisa, Zagabe."

Zagabe alimshika mkono, na wakaendelea kushuka.