Nta Katika Sikio la Muthoka

Uvundo uliisha ghafla, na hapo ndipo Katunge alipopaswa kuogopa. Sikio la mumewe, Muthoka, lilitoa usaha tangu utotoni, na nyumba yao ya Mumbuni ilishazoea kunuka. Mama mkwe, Mukai, akaleta mganga kutoka Kivaa, naye akaliziba kwa nta. "Jini hapiti hapa tena," akasema. Watu wakashangilia. Jamani, ujinga!

Haukupita muda Muthoka akaanza kushika kichwa. Akatapika. Mchana mmoja, jua la utosi, kikombe kikamponyoka mkono wa kushoto, akautazama ule mkono kama wa mtu mwingine. Kisha akageukia ukuta akinong'ona na mtu asiyeonekana, mdomo ukapinda, mkono ukatetemeka wenyewe, mguu ukafuata, kitanda kikagonga ukuta, na kooni ikatoka sauti nzito ambayo Katunge, miaka yote ya kulala kando yake, hakuwahi kuisikia.

"Twende hospitali," Katunge akanong'ona.

"Adungwe sindano na ako na jini? Atakufa hapo hapo!" Mukai akaziba mlango. "Ama ndiyo unataka? Hilo jini ni lako. Ulilitoa Mombasa limalize mtoto wangu!"

"Mwaitu, mama yangu, toka mlangoni."

"Sitoki."

Katunge akamsukuma. Ndiyo, mama mkwe mzima, akamsukuma akaanguka kwa makalio, na majirani wakambeba mgonjwa hadi hospitalini.

Daktari hakuuliza habari za jini. Aliinama, akanusa, akaichomoa nta kwa kibano. "Nani ameziba hii?" Uso ulimbadilika. Usaha, alisema, ulikuwa umekula mfupa pole pole hadi kwenye ubongo, nayo nta ikauficha. Ndani ya kichwa kuna jipu. Nairobi wakampiga picha, wakatoboa fuvu, wakaunyonya usaha. Halafu sindano, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, na Muthoka hakufa.

Aliporudi nyumbani, sikio likavuja tena kidogo. Katunge alikwenda kuchukua shuka ajiandae kumrudisha kliniki. Kurudi chumbani, akamkuta Mukai amemwinamia mwanawe, donge la nta likilainika vidoleni. Akamdaka mkono.

"Ukiziba tena, Mwaitu, tutazika mtu. Na si yeye."

Muthoka akafumbua macho, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na ile sauti nzito ya siku ile, isiyo yake, ikasema taratibu, "Mwache mama azibe."