Kidole Gumba cha Mama Nyamizi

Mita mia nane chini ya ardhi, katika mgodi wa Kilima Tisa, mchimbaji-kivuli aliinua jiwe la tani mbili akaliweka kando taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Mhandisi Mageni, aliyekuwa akimwongoza roboti huyo, alikuwa nyumbani kwake Mwanza, amevaa glavu za nyaya. Alipokunja vidole, roboti naye alikunja vyake. Nyuma ya kifusi walikuwa mafundi watatu waliobakiwa na hewa ya masaa matano.

Ghafla roboti akaganda.

Juu, katika chumba cha mitambo, Mama Nyamizi alikuwa akifuta vumbi. Wahandisi wote walikwisha kuhamia majumbani kwao, wakifanya kazi kwa skrini-mbali, programu inayomwezesha mtu kuendesha mashine iliyo mbali naye. Lakini sheria ilitaka jengo lisikose binadamu. Basi kampuni, kwa ubahili wake, ikambakiza mpika chai, ikasajili kidole gumba chake kiwe saini ya dharura, na wala haikumweleza maana yake.

Simu ya mezani ikalia.

"Shikamoo, Mama. Ni Mageni. Makao makuu wameweka ngome mpya mchana huu, programu ya kuchuja kila kinachoingia kwenye mitambo. Mimi hainitambui, imenitoa nje. Nimewaomba wanifungulie, wananiambia nisubiri masaa manane."

"Marahaba. Masaa manane, na wale watoto wako chini?"

Mama Nyamizi alivitazama vikombe vitatu vya bati kwenye sinia. Kimoja kilikuwa cha Ndalahwa, mmoja wa wale waliofukiwa, asiyetia sukari. Hasira zikampanda.

"Niambie pa kubonyeza."

Alibandika kidole gumba kwenye skrini, na orodha ya kanuni za ngome ikafunguka. Mageni akamweleza polepole kwamba kila programu hupita kwenye mlango wake wenye namba, na mlango wa skrini-mbali ndio uliofungwa. Mama Nyamizi akaiandika namba hiyo, tarakimu moja moja.

"Inauliza nani aruhusiwe. Niweke wote?"

"Hapana, Mama. Ukiweka wote, hata mwizi ataingia. Weka anwani yangu peke yake."

Ikabaki nafasi moja: jina la aliyeidhinisha.

"Andika langu," Mageni akasema. "Atakayeonekana hapo watamfukuza."

"Wakikufungia wewe, nani atachimba?"

Akaandika NYAMIZI LUHENDE, kwa herufi kubwa, akabonyeza. Kule chini roboti akakunja vidole.

Asubuhi iliyofuata, sura ya mkuu wa usalama ilijaa kwenye skrini ya ukutani. Mafundi watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi, mmoja amefungwa bendeji mkononi.

"Huna kazi tena, Mama," mkuu alisema. "Kabla hujaondoka, ifute ile kanuni. Ngome haikubali ifutwe ila kwa kidole kilichoiweka."

Ilimuuma. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyeliwasha jiko la jengo lile kila alfajiri.

"Nisipoifuta, Mageni ataweza kuingia tena watu wakifukiwa?"

"Ataweza, tena bila kutuuliza. Hilo ndilo tatizo."

Mama Nyamizi akakificha kidole gumba ndani ya khanga.

"Kufungua nilifundishwa, bosi. Kufunga sikufundishwa."

Akamgeuzia mgongo, akaanza kumimina chai. Kikombe cha Ndalahwa alikijaza pomoni, bila sukari.