Hema Lililopigwa Pasi

Tone la kwanza lilimwangukia Bwana Ésaïe kwenye ncha ya pua, naye akalipuuza, kwa sababu mkuu wa shule halalamiki kwa tone moja. La pili likamwingia sikioni. La tatu likaanguka juu ya boksi alilokuwa amelikumbatia, likaacha doa jeusi kwenye karatasi ngumu, na hapo akapiga ukelele kama mtu aliyekanyaga siafu.

“Madame! Hema yako inavuja!”

Marie-Jeanne alikuwa nje mvuani, ameshika kamba ya upande mmoja ili upepo usilichukue hema zima. Aliingiza kichwa na kutazama juu. Maji yalikuwa yakipenya kwenye mshono wa katikati, tone kwa tone, kila tundu la sindano na tone lake, yamejipanga kama wanafunzi asubuhi mbele ya bendera. Mshono ule aliujua vizuri. Alikuwa ameushona kwa mkono wake.

Ndani ya boksi zilikuwamo bahasha zenye majibu ya mtihani wa serikali ya wanafunzi arobaini na mmoja, wa shule ya misheni iliyoko msituni, mwendo wa siku tano magharibi mwa Beni. Ilikuwa mwaka wa 2000. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya magari, na mtihani wenyewe ulicheleweshwa mpaka mwezi wa nane. Ndege ya kubeba majibu ingeondoka Beni Jumamosi asubuhi, na shule ambayo bahasha zake zisingekuwapo, au zingefika zimelowa, ingehesabiwa haikufanya mtihani kabisa.

Kumi na saba kati ya wanafunzi hao walikuwa wasichana wa Marie-Jeanne, wa ushonaji. Aliwafundisha chini ya miti mwaka mzima askari walipolala madarasani. Mmoja wao, Kyakimwa, alifanya mtihani huku homa ikimtetemesha mpaka meza ikatikisika. Kurudia mwaka ujao? Kwa wengi wao hakuna mwaka ujao. Mbuzi wa mahari walikuwa wameshafika nyumbani, na wazazi walikuwa wakingoja cheti tu. Marie-Jeanne aliwapenda wasichana wale, na alikuwa ameapa mbele yao kwamba karatasi zao zitafika.

Ziliondoka vizuri, boksi lao likiwa ndani ya sanduku la bati, chini ya turubai nene, juu ya baiskeli ya Papa Melchior wa Oicha, mbeba mizigo aliyeijua njia ya msitu kuliko njia ya kanisani kwake. Siku ya pili walikuta kizuizi. Askari walilipenda sanduku, wakalipenda na turubai. Mkubwa wao alipoambiwa bahasha zile ni nini, alizirudisha kwa mikono miwili, akasema kwamba yeye mwenyewe aliacha shule darasa la tano, basi wazifikishe. Sanduku hakulirudisha. Hema alilikunjua, akaliinua kwenye mwanga, akacheka kwamba hiyo ni sketi ya ndani ya mwanamke wa kizungu, akalitupa. Ndiyo maana walibaki nalo.

Lilikuwa hema la mtafiti wa ndege wa msituni, mzungu aliyeliacha misheni alipokimbia vita vilipoanza. Halikuzidi uzito wa kuku.

“Ule muzungu alilala mu hii hema miezi tatu, hata soksi yake haikulowana,” alisema Bwana Ésaïe mvua ilipopungua. “Donc, ulilifanya nini?”

Marie-Jeanne alikamua kitenge chake polepole. “Nililifua.”

“Na kisha?”

“Nilianika inje. Na kisha nilipiga fer.”

“Hema? Ulipiga hema fer?”

“Juu ya ile inzi, Préfet! Kitu yote ya kuanika inje inapigwa fer. Ama unataka funza ikuotee mu mugongo?”

Hakuna wa kumbishia. Katika nchi ile inzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi, na mama yeyote aliyelelewa akaleleka hupiga pasi hata soksi, hata nepi. Marie-Jeanne alipiga pasi ya makaa kwenye mishono yote ya hema, nje na ndani. Joto likabandua utepe mwembamba, angavu, uliokuwa umegandishwa juu ya kila mshono, ukajikunja kama ganda la kitunguu. Alidhani ni uchafu ulioachwa na fundi mvivu wa kiwandani, kumbe ndio uliokuwa ukizuia maji. Akaubandua wote, hata kipande hakikubaki. Kisha, kwa kuwa yeye hakuwa mvivu, akaongeza mstari wa pili wa mshono ili hema liwe imara.

“Kwa hiyo tundu ilikuwa moja, ukaongeza ingine,” alisema Papa Melchior, akacheka mpaka akaishikilia baiskeli asianguke. Marie-Jeanne naye akacheka, ingawa aibu ilimchoma. Alisema moyoni: Bikira Maria, kama karatasi hizi zikiharibika, si vita vilivyoziharibu, ni mimi.

Papa Melchior alilifunga boksi kwa majani ya mangongo, yale mapana ambayo watu wa msituni huezekea vibanda. Asubuhi walipoyafungua, boksi lilikuwa limetota upande wa chini. Majani mabichi hutoa jasho. Bahasha ya mwisho ilikuwa laini kama ngozi ya mtoto, na walipoteza saa mbili wakiikausha kando ya moto bila kuivunja muhuri, Bwana Ésaïe akiigeuza kama anachoma mkate.

Siku ya nne, adhuhuri, wakafika kwenye mto. Ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba magogo. Mwenye mtumbwi alikuwa ng'ambo. Aliwapungia mkono na kuelekeza jua, kisha akalaza shavu kwenye kiganja. Maana yake kesho. Ukingo ulikuwa mwamba mtupu, mangongo hakuna, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yakipanda, meusi kama sufuria.

“Iko saa ngapi mbele inyeshe?” aliuliza Marie-Jeanne.

Papa Melchior alinusa upepo. “Tatu. Kama Mungu iko na huruma, ine.”

“Leta colle yako ya tairi.”

Gundi ya viraka ilitosha pembe mbili tu, kisha mrija ukatoa pumzi. Papa Melchior aliutazama, akautupa, akachukua panga na kuingia msituni. Alirudi akibeba kikombe cha bati kilichojaa maziwa meupe mazito ya mmea.

“Mupira,” alisema. “Ya kamba ya musitu. Babu yangu aliikataka kwa kulazimishwa, wakati ya ukoloni ya Babelge. Alinionyesha, akaniambia: ujue hii kitu, lakini mutu asikutume tena kuikata. Leo hakuna mutu alinituma.”

Bwana Ésaïe alivua koti, akauliza brashi itatoka wapi. Wote wawili wakamtazama. Mzee huyu alikuwa akinyoa ndevu kila asubuhi, hata msituni, kwa brashi ya manyoya ambayo mkewe alimnunulia Butembo.

“Hapana,” alisema. “Mais non!”

Akaitoa.

Walilikausha hema kwa moshi, mbali na ndimi za moto, wakalitandaza juu ya mwamba. Papa Melchior alitaka kupaka kila mahali. “Hapana!” alisema Marie-Jeanne. “Kitambaa ni muzima. Ni matundu tu.” Akapiga magoti. Mshono kwa mshono, alisukuma maziwa yale ndani kwa ncha ya brashi, akaikunjua mikunjo kwa vidole, akangoja kila tundu linywe. Alijua sindano ilipita wapi, ilirudi wapi, wapi alifunga uzi mara tatu kwa kujionyesha. Maziwa yalianza kuwa ya manjano, kisha yakashika. Akapaka mara ya pili. Bwana Ésaïe alifuata nyuma kwa magoti akinyunyiza majivu ili hema lisigandane, jasho likimtiririka, akihesabu mishono kwa sauti kama mahudhurio. Papa Melchior alirudi msituni mara tatu kwa kikombe. Ngurumo zilikuwa karibu sasa. Majivu yalianza kuruka.

“Inatosha!” alipaza Papa Melchior. “Inakuja!”

Hema lilitosha boksi na mtu mmoja. Marie-Jeanne aliingia, akaliweka boksi mapajani. Wanaume walibaki nje, kila mmoja amelalia kamba zake, migongo yao kwa mbingu.

Mvua haikuanza, iliporomoka. Upepo ulililaza hema mpaka likamgusa uso. Marie-Jeanne alipitisha kiganja juu ya mshono wa katikati: mkavu. Wa kushoto: mkavu. Wa mlango: mkavu. Akapiga kigelegele peke yake humo ndani. Ndipo akahisi baridi shingoni. Pale kitanzi cha kamba kilipoungwa, penye uzi mara tatu, tundu moja lilikuwa halikunywa. Akalibana kwa kidole gumba. Maji yakatafuta njia, hayakuipata.

Alikaa hivyo mpaka mvua ikaisha, mkono umekufa ganzi, akiwataja wasichana wake mmoja mmoja: Kyakimwa, Kanyere, Séphora, Eliane. Akifika wa kumi na saba anaanza upya. Nje, Bwana Ésaïe aliimba wimbo wa kanisa lake la Kiprotestanti, na Marie-Jeanne, Mkatoliki wa kuzaliwa, akaitikia asiyoyajua kwa la-la-la. Jua lilirudi likikaribia kutua. Wanaume wale walikuwa wamelowa mpaka mifupa, na swali lao la kwanza lilikuwa moja.

“Bakaratasi?”

“Kavu!” alijibu. “Kavu kama unga!”

Ijumaa mtumbwi uliwavusha. Walipita Mangina bila kusimama, wakaingia Beni Jumamosi wakiwa na harufu ya moshi na mpira. Ndege ilikuwa tayari inawashwa. Karani wa mitihani aliwatazama: mwanamke mwenye matope mpaka kwenye nyusi, mbeba mizigo asiye na kiatu kimoja, mkuu wa shule mwenye ndevu za siku mbili. Aliuliza kama ni wakimbizi.

“Sisi ni centre ya mtihani,” alisema Bwana Ésaïe, akanyoosha mgongo.

Karani alizihesabu bahasha, akaipapasa kila moja mbele na nyuma. Ile ya chini aliipapasa zaidi, akaipeleka dirishani, akauchunguza muhuri. Kisha muhuri wake ukagonga, ta, na boksi likapelekwa mbio kwenye ndege.

Walisimama kando ya uwanja mpaka ilipopaa. Haijavuka miti, mvua ikaanza tena, kubwa, na watu wote wakakimbilia chini ya paa la ofisi. Marie-Jeanne peke yake hakusogea. Alikuwa analia waziwazi, bila kuficha uso, na anacheka.

“Mama, kuya huku!” aliita Papa Melchior. “Utalowana!”

“Iache inyeshe, Papa Melchior,” alijibu, akafungua kilemba. “Haiko tena na kitu ya kulowanisha.”