Penzi Lililofutwa Kwenye Kumbukumbu

Itangazwe kwa wote wenye masikio, na waliosinzia waamshwe: risala hii nzito inahusu mifumo ya jamii, na namna sheria inavyoishi na binadamu. Mapenzi hayamo. Wapenda upuuzi wasome kwingine.

Basi, karani wa mahakama alipomwona msusi kwa mara ya kwanza, alijigonga muhuri kidoleni.

Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo korido ya mahakama hujaa kama gunia la viazi. Msusi alipenya umati akiwa na gauni la njano, kitana kimechomekwa nyweleni, harufu ya mafuta ya nazi ikimtangulia.

"Kaka, mtu aliyefungiwa saluni yake anaanzia wapi?"

"Anaanzia hapa," karani akasema, akificha kidole. "Nani kakufungia?"

"Mwenye nyumba. Kapiga kufuli, mashine zangu zote zimo ndani. Nasukia wateja barazani. Nimekuja mbiombio kabla sijamng'oa meno."

"Usimng'oe, dada. Hapo mlalamikiwa utakuwa wewe."

Msusi akacheka, na karani akawa amekwisha. Shauri lilipopangiwa tarehe, wawili hao walikuwa wakipigiana simu mpaka betri zinalia.

Karani alikuwa akisoma chuo cha jioni, hivyo penzi lake lilikuja na mihadhara ya bure.

"Jamii ni mifumo, mpenzi. Kila mfumo una swali lake moja, mengine hauyasikii. Soko linauliza: umelipa, hujalipa? Sheria inauliza: halali, si halali? Ukiililia, haioni machozi. Inaona maji."

"Na mapenzi yanauliza nini?"

"Mwalimu hajafika huko."

"Mwambie akaze mwendo, kipenzi. Wengine tunazeeka."

Kulikuwa na jambo moja. Karani mwenye uhusiano na mtu wa kesi alitakiwa aseme, ahamishwe kitengo. Huyu hakusema. Angehamishwa, angeliona wapi lile gauni la njano asubuhi? Aliutuliza moyo kwamba yeye haamui kesi, anaita watu tu.

Siku ya kusikilizwa, akamnong'oneza msusi mlangoni: "Malkia, koo limekauka. Niletee chai hapo ng'ambo, shauri lako bado liko mbali."

Msusi akaenda. Kumbe wakili mmoja hakuja, mashahidi wa kesi nyingine wakaumwa kwa pamoja, na zamu ikaruka.

"Shauri la msusi na mwenye nyumba," hakimu akasema. Alikuwa mama wa miwani minene, asiyecheka bure. "Ita."

Karani akatoka koridoni. Kupitia mlango wa mbele aliliona gauni la njano ng'ambo ya barabara, likibishana na muuza chai kuhusu sukari. Utaratibu ulitaka aite mara tatu. Akaita, kila mara sauti ikizidi kunywea. Angesema "yuko pale," angeulizwa amejuaje.

"Hayupo, mheshimiwa."

"Shauri limefutwa."

Msusi alirudi akitembea kwa uangalifu, kikombe kimejaa pomoni. "Mbona mwenye nyumba anatoka anachekelea?"

"Limefutwa. Uliitwa, hukuwepo."

"Aliita nani?"

"Mimi."

"Na ulijua niko wapi?"

"Kisheria, mpenzi..."

Chai yote ikaishia kwenye shati jeupe la karani. Bahati yake, ilikuwa imeshapoa.

Jioni alipiga simu. Haikupokewa. Akapiga tena. Ya tatu ikapokewa.

"Karani, umeita mara tatu," msusi akasema. "Hayupo."

Simu ikakatwa.

Aliyemzindua karani ni dada yake mkubwa, mteja wa msusi, aliyerudi nyumbani na kichwa kilichosukwa nusu. "Mwenye nyumba kamfukuza hata barazani! Mdogo wangu, mama alikupeleka shule upate akili, wewe umetuletea mifumo."

"Shauri linaweza kurejeshwa, dada, akitoa sababu ya maana."

"Na sababu anaijua nani?"

Karani akatazama sakafu.

"Enhe," dada akasema. "Itazame vizuri."

Wiki iliyofuata, ombi la msusi la kurejesha shauri liliposikilizwa, karani akasimama kizimbani, mahali alipozoea kuwasimamisha wengine. Akala kiapo.

"Uliita?" hakimu akauliza.

"Niliita, mheshimiwa."

"Ulijua yuko wapi?"

"Ng'ambo ya barabara. Nilimtuma chai."

"Tangu lini walalamikaji wanawatumikia makarani?"

Karani akashika ukingo wa kizimba. Msusi, kwenye benchi la mbele, alikuwa amemkazia macho makavu.

"Mheshimiwa, nampenda. Nampenda tangu alipoingia koridoni. Nilinyamaza nisihamishwe mbali naye, na kimya changu kimemkosesha riziki."

Benchi la nyuma likapiga vigelegele. Wakili wa mwenye nyumba akaruka. "Napinga! Mapenzi si hoja ya kisheria!"

Hakimu akavua miwani, akaivaa tena. "Wakili ana haki. Mahakama haina kazi na mapenzi ya mtu. Yafutwe kwenye kumbukumbu. Ibaki hivi: karani alijua mlalamikaji yuko jirani, akanyamaza. Sababu inatosha. Shauri limerejeshwa. Karani, kesho utaripoti chumba cha mafaili ya zamani."

Karani akashuka mnyonge. Maneno makubwa kuliko yote aliyowahi kusema maishani yalikuwa yamepigwa mstari kwa kalamu ya mtu mwingine, na kilichohifadhiwa ni kosa lake.

Msusi akamkuta ngazini.

"Wameyafuta kweli?"

"Wameyafuta. Sheria haina sikio la hayo."

"Mimi ninalo. Yaseme upya, na usiniletee mheshimiwa."

"Nakupenda. Nilikukosea. Nioe... yaani, nikuoe."

Hapa msomaji mkorofi atauliza: ngazini walikuwa wawili tu, msimulizi kayajuaje? Nimekamatika. Sikuyasikia. Nilikuwa kwenye dirisha la juu la mahakama, mwanafunzi niliyetumwa kukusanya habari za risala hii, nikaona midomo tu ikienda, nikayatunga kwa kuwa nilitamani mno ayaseme. Nilichokiona ni hiki: msusi hakutabasamu hata chembe. Alimgombeza, akampa mgongo, akarudi kumgombeza. Kisha akamkamata kola, akainyoosha kwa ukali ule wa kumsuka mtoto asiyetulia, akamkokota kuelekea barabarani. Walipopotea kwenye umati alikuwa bado anamsema.

Mimi sijapata kupendwa hata na paka wa bweni. Lakini ile haikuwa kwaheri.