Mtu wa Sita katika Fomu ya Maposeni

Mtoto wa kiume wa Pankrasi na Lidwina, mwenye umri wa miezi miwili, aliacha kulia saa tisa alasiri, Jumanne ya tarehe 11 Juni 2024, nyumbani kwao Mjimwema, Songea. Alikuwa amelia siku kumi na tisa. Hospitali haikuona ugonjwa.

Bibi yake, Walburga, mama wa Pankrasi, alisema tangu mwanzo kwamba mtoto analilia jina: kuna marehemu wa ukoo anayetaka kurithiwa, na akitajwa mtoto atatulia. Shida ilikuwa kuyapata majina. Walburga aliolewa tu katika ukoo huo. Mumewe, Emiliani, alikuwa amekufa. Shangazi Kunegunda, dada wa Emiliani na mtoto pekee aliyebaki wa nyumba yao ya kijijini Maposeni, alikuwa amekwenda kwa binti yake Namtumbo, na simu yake haikupatikana.

Pankrasi alifanya kazi steshenari. Alipata mtandaoni tovuti tatu zenye kumbukumbu za sensa ya miaka ya sitini, akazilinganisha kwa siku mbili. Ya kwanza ilitafuta haraka lakini ilikosea majina ya vijiji. Ya pili ilinakiliwa na watu wa kujitolea. Zote mbili zilionyesha watu watano katika kaya ya babu yake Valeriani. Ya tatu ilikuwa ngumu kutumia, ila ilitoa picha ya fomu yenyewe, na kwenye picha kulikuwa na mstari wa sita, umepigwa kalamu, bado unasomeka: Likwela. Umri haukujazwa. Uhusiano na mkuu wa kaya haukujazwa.

"Hii ndiyo kamili," alimwambia mkewe. "Zile mbili zimemruka huyu aliyefutwa."

"Kwa nini alifutwa?"

"Labda alikufa kabla fomu hazijakusanywa."

Alasiri ile Walburga alinyunyiza unga mlangoni, akataja Valeriani. Mtoto alilia. Akataja Emiliani. Akataja Selestine, baba mdogo ambaye Pankrasi hakuwahi kusikia habari zake hadi alipoiona fomu. Mtoto alilia. Akataja Likwela.

Kilio kilikatika. Lidwina alimwekea mtoto mkono kifuani kuona kama anapumua.

Siku ya tatu, kliniki, mtoto alichomwa sindano ya chanjo. Hakulia. Alikuwa akitazama mlango, nyuma ya muuguzi. Siku ya nne nyumba ilianza kunuka tumbaku inayokaushwa kwa moshi, ingawa hakuna aliyevuta humo. Siku ya sita, saa nne asubuhi, Lidwina akiwa jikoni alisikia kikohozi cha mzee chumbani, kisha kitanda kikilia kama mtu ameketi, na alipokwenda kutazama, akijiambia kwamba ni redio ya jirani, kwamba ni mama mkwe amerudi kutoka sokoni, alimkuta mtoto amelala kwa ubavu, macho wazi, na kando yake godoro limebonyea na linaendelea kubonyea, polepole, kama chini ya mtu anayejilaza.

Kesho yake, Jumatatu, Kunegunda alirudi kutoka Namtumbo, akapitia Mjimwema kumwona mjukuu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Wifi, ingia basi," Walburga alisema. "Au unangoja kubebwa? Njoo umwone mume wetu."

Kunegunda hakuvuka kizingiti. Alinusa. "Mmemwita nani huyo mtoto?"

Pankrasi alimwonyesha fomu kwenye simu.

"Msilitaje tena," alinong'ona. "Nilikuwepo karani alipoandika. Aliuliza ni nani waliolala humu usiku wa sensa. Baba akataja watano. Karani akasema, na huyu aliyesimama mlangoni? Baba hakugeuka. Basi karani akaliuliza lenyewe, likajitaja. Alipofika nyumba ya pili akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo, akafuta."

"Likafanya nini?" Pankrasi aliuliza.

"Selestine alikuwa mchanga, analia sana. Akanyamaza. Siku ya tisa hatukumwona tena."

Lidwina alihesabu kimya kimya. "Leo ni ya saba."

"Najua."

"Linatokaje, shangazi?"

"Mganga alitaka mtu mwingine aliitikie lile jina, limfuate yeye. Baba alikataa. Mama alikataa. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikaa kimya."

"Mimi ndiye mama yake," Lidwina alisema.

"Wewe unanyonyesha. Pankrasi, liite."

"Shangazi, hapana."

"Liite, mwanangu. Sauti isitetemeke."

Pankrasi aliita, mara moja.

"Abee," Kunegunda alijibu.

Ndani, mtoto alianza kulia.

Kunegunda aliondoka na gari la saa kumi kwenda Maposeni. Alikataa kusindikizwa, akakataza mtu yeyote kumfuata.

Jumanne, tarehe 25 Juni, siku ya tisa tangu aitikie, majirani walivunja mlango wake, uliokuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Mezani kulikuwa na sahani mbili, zote zimeliwa. Kunegunda hakuwemo.