Nyeupe Juu, Fifi Chini

Kulipopambazuka, Milembe alikuwa ameshakwenda kisimani mara mbili, na bado mara mbili. Ndoo ya lita ishirini haina huruma na shingo ya msichana wa miaka kumi na sita, lakini nani mwingine angekwenda? Mama yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji wiki tano zilizopita, na daktari alimkataza kubeba kitu chochote kizito kuliko mtoto wake. Basi maji yakawa ya Milembe. Uji ukawa wa Milembe. Kufagia uwanja, kuosha vyombo, kufua nepi, vyote vya Milembe. Akimaliza hapo ndipo avae sketi ya shule akimbie kilomita nne, maana kengele haimsubiri mtu.

Kaka yake, Mayige, alikuwa Kidato cha Tatu katika shule hiyohiyo. Asubuhi aliwafungulia ng'ombe, akawakabidhi kwa mchungaji, akanywa uji na kupanda baiskeli. Hakuwa mvivu, wala hakuwa na roho mbaya. Kwao ng'ombe walikuwa wa wavulana na jiko lilikuwa la wasichana, naye hakuwahi kujiuliza kama kuna namna nyingine.

Sasa sikilizeni jambo lililomkosesha Milembe raha. Mwaka uliopita alianguka mtihani wa Kidato cha Pili, akakariri darasa. Anayekariri ana nafasi moja tu. Akianguka tena Novemba, shule basi, na sare inageuka nguo ya shambani. Tayari jirani mmoja mwenye mdomo mrefu alikuwa amemwambia mama yake, "Huyo si wa vitabu. Akija mtu kumposa, msimkatalie." Milembe aliyasikia hayo akisonga ugali, naye akausonga kwa hasira mpaka sufuria ikayumba mafigani. Akaapa moyoni: Novemba nafaulu, liwalo na liwe.

Na kazi za nyumbani? Zote nitafanya, alijiambia, tena bila kumlalamikia mtu. Sitaki waseme vitabu vimenifanya mvivu. Huo ulikuwa ujasiri, lakini ulikuwa na ujinga kidogo ndani yake, kama mtakavyoona.

Ilikuwa Julai, msimu wa kuuza pamba. Baba yao, Mzee Mashimba, alisifika kijijini kwao Nkololo kwa pamba safi. Nyumbani kwake pamba ilimwagwa kwenye turubai na kuchambuliwa kwa mkono: nyeupe huku, na fifi, yaani ile yenye madoa na iliyoliwa na wadudu, kule. Hizo mbili hazilali gunia moja, hata mtoto mdogo anajua. Kuchambua ilikuwa kazi ya Milembe kila jioni. Kushona magunia ilikuwa kazi ya Mayige.

Alhamisi moja Mwalimu Violeth wa Hisabati alitoa maswali ishirini. "Kesho asubuhi nayataka yote mezani kwangu," alisema. "Milembe, umenisikia? Wiki iliyopita uliniletea matano." Darasa likacheka. Milembe akainama, masikio yakimwaka moto.

Aliporudi nyumbani alikuta turubai limejaa. Alichambua, akachambua, jua likaanza kuzama na lundo bado lipo palepale. Mtoto analia ndani, maharage yanakauka jikoni, na daftari liko kwenye begi halijafunguliwa. Milembe akatazama huku, akatazama kule. Kisha akaikusanya fifi yote, pamoja na pamba ambayo hakuwa ameigusa, akaisindilia ndani ya gunia la tano. Juu yake akatandaza nyeupe, nzuri ya kupendeza.

Mayige akaja na sindano na kamba. "Tayari?"

"Tayari. Shona."

Akashona. Kabla ya chakula cha jioni Milembe alikuwa amemaliza maswali yote ishirini, na kesho yake akapata kumi na saba. Mwalimu Violeth aliliambia darasa limpigie makofi. Lo! Makofi aliyoyatamani mwaka mzima, na leo hakuweza hata kutabasamu.

Jumamosi asubuhi, mkokoteni wa ng'ombe ulibeba magunia sita hadi kituo cha kununulia pamba. Mayige aliwaongoza ng'ombe; Milembe alifuata nyuma, asiondoe macho kwenye gunia la tano. Usiombe karani aamke vibaya, alijiambia.

Karani wa pale, Marcelo, aliwapokea kwa bashasha. "Mwangaluka, Mzee Mashimba! Pamba yako wewe hata sina haja ya kuikagua." Lakini mkono wa karani umezoea kazi yake. Alifumua mshono wa gunia la kwanza, mkono ukazama, ukatoka na nyeupe. La pili, nyeupe. La tatu na la nne vilevile. Gunia la tano mkono ulizama hadi begani, ukatoka na konzi ya manjano yenye majani na vijiti.

Foleni nzima ikasogea kutazama.

"Mzee, hii ni pamba au matandiko ya kuku?" karani aliuliza. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Mzee Mashimba hakucheka. "Utaratibu unaujua," Marcelo aliendelea, safari hii kwa sauti ya chini. "Gunia moja likiwa hivi siwezi kuyaamini mengine. Yarudi yote, yakachambuliwe upya."

Njiani mzee alitangulia mbele ya mkokoteni. Halafu akasema bila kugeuka, "Mayige, wewe ndiye uliyeshona."

"Ndiyo, baba. Lakini sikuchanganya mimi."

"Nani basi? Panya? Kosa ningelisamehe, lakini uongo siusamehe. Jumatatu huendi Bariadi."

Mayige akasimama katikati ya njia. Jumatatu shule yao ilikuwa inakwenda Bariadi mjini kwenye mashindano ya mdahalo, na yeye alikuwa msemaji wa kwanza. Alikuwa amejiandaa mwezi mzima, akiwahutubia ng'ombe zizini. Alimtazama dada yake, na kwa jinsi alivyomtazama, Milembe akajua kwamba anajua. Lakini Mayige hakumtaja. Alishika kamba ya ng'ombe, akaendelea kutembea.

Heri angenitaja, Milembe aliwaza, na roho ikamuuma kwelikweli. Kama angejitaja mwenyewe, baba angesema nini? Angesema: kumbe ni vitabu ndivyo vilivyotuaibisha, basi vitabu vikome. Na akinyamaza, kaka yake anabeba mzigo usio wake. Walipofika nyumbani magunia yakamwagwa. Mayige akapiga magoti kwenye turubai, akaanza kuchambua. Milembe akashindwa kuvumilia.

"Baba," alisema, akipiga magoti kando ya kaka yake. "Ni mimi. Alhamisi nilichanganya fifi nikaweka nyeupe juu. Nilitaka kuwahi maswali ya mwalimu. Mayige hakujua. Mwache aende Bariadi, na mimi niadhibu unavyotaka."

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni akimnyonyesha mtoto. "Ng'wanone," alisema, "mwanangu, kwa nini hukutuambia kazi zimekuzidi?"

"Ningesemaje, mayu? Wewe hujapona, baba ana pamba. Nilitaka muone ninaweza. Nikianguka tena Novemba sina shule!" Hapo machozi yakamtoka, asiyazuie.

Mzee Mashimba alivuta kigoda akaketi. "Hebu niambie siku yako," alisema. "Tangu unapoamka."

Milembe akaanza: safari nne za kisimani, uji, uwanja, nepi, shule, vyombo vya mchana, kuni, pamba, maharage, ugali, vyombo tena. Alipofika kwenye kusoma, alisema, "Nasoma nikiwa nimeshaanza kusinzia."

"Na wewe, Mayige?"

Mayige akakuna kichwa. "Nawafungulia ng'ombe. Jioni nawafunga. Halafu… nasoma."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, mpaka Milembe aseme chakula tayari."

Mzee alilitazama lile turubai, akawatazama watoto wake wawili. "Mimi nilidhani hizi kazi za ndani zinakwenda zenyewe," alisema hatimaye.

"Haziendi zenyewe, Baba Mayige," mama alijibu, na kicheko kidogo kikamponyoka. "Ziulize miguu ya huyu."

"Basi kosa si la mmoja," alisema mzee. "Mayige, nilikuita mwongo nawe hukusema uongo. Nisamehe. Bariadi utakwenda. Milembe, pamba uliyoichanganya utaichambua wewe, yote, na siku ya kuirudisha utamwambia karani mwenyewe nani aliyechanganya. Hilo halina mjadala. Leo Mayige atapika."

"Mimi? Ugali?"

"Miaka yote unaula, hujaona unavyotoka?"

Ugali wa jioni hiyo ulikuwa na madonge makubwa kama viazi, na mlenda ulikuwa chumvi tupu. Waliula hivyohivyo. Jumapili baada ya ibada walipanga upya kazi za nyumba. Mayige angechota maji kwa baiskeli, madumu manne kwa safari moja, na siku tatu kwa wiki angepika. Mzee mwenyewe angechambua pamba siku za shule. Na saa kumi na mbili jioni ikawa saa ya vitabu kwa wote wawili, meza moja.

Ile pamba iliyorudishwa Milembe aliichambua siku nne mfululizo, vidole vikichubuka kwa vijiti na maganda. Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya foleni ileile. "Mwangaluka," alimwambia karani. "Lile gunia nililichanganya mimi, si kaka yangu wala baba. Naomba radhi." Watu wakageuka kumtazama. Marcelo akazamisha mkono gunia baada ya gunia, hadi chini kabisa, na kila mara ukatoka na nyeupe.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Kulikuwa na jioni Mayige alisahau maji, wakagombana. Kulikuwa na jaribio la Agosti ambalo Milembe alipata thelathini na nane akataka kulia. Hakulia. Alichukua maswali aliyokosa akayarudia mpaka yakamkubali, moja baada ya jingine. Novemba akaingia mtihanini.

Januari matokeo yalipotoka, familia ilikuwa shambani ikipalilia. Simu ya mzee ikalia; alikuwa Mwalimu Violeth. Mzee alisikiliza, akavua kofia, akapaza sauti hadi shamba la jirani: "Milembe amefaulu! Mnasikia huko? Amefaulu!" Mayige akatupa jembe, akamnyanyua dada yake juujuu.

Mama, aliyekuwa ameshapona na mtoto yuko mgongoni, alimshika Milembe mabega yote mawili. "Ulijitahidi, mwanangu, lakini bidii pekee isingekufikisha hapa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ile ungeendelea kuficha, leo tungekuwa tunaulizana kwa nini umeanguka, na sababu tulikuwa tunaikalia humuhumu nyumbani. Kazi ikikuzidi, sema mapema. Na sisi wengine tusingoje mpaka mtu alie ndipo tujue amechoka."

"Maneno hayo yananihusu na mimi," alisema mzee, akivaa kofia yake. "Haya, shikeni majembe. Kidato cha Tatu hakitatupalilia pamba."